Mpini wa mninga kutoka Ng'ambo: nimeutumia miezi minane, haya ndiyo niliyoyaona

Kiganja changu kina urefu wa sentimita 16 na nusu, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Naanza na kipimo hicho kwa sababu habari yote inatokea hapo. Bastola yangu ya upepo, Baikal IZH-46M iliyotengenezwa Izhevsk huko Urusi, ilikuja na mpini uliochongewa mkono wa mwanamume mkubwa, na kwa miaka mitatu nililenga shabaha nikiwa nimeshika kitu ambacho hakikuwa changu.

Sasa nina mpini mwingine. Umechongwa hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, katika karakana ya seremala mzee ambaye kazi yake ya kila siku ni vitanda, milango na mipini ya majembe. Sikutaka kuandika chochote mapema. Nilitaka niupitishe kwanza kwenye joto la Oktoba, halafu kwenye mvua, maana mbao ina tabia ya kukuonyesha uso wake wa kweli hewa inapobadilika. Miezi minane imepita, naweza kusema.

Nilikuwa askari kwa miaka 22, na kulenga nilijifunzia huko. Niliporudi nyumbani baada ya kustaafu nikakuta wenzangu watano wanaoupenda mchezo huu kama mimi. Tumekodi ghala tupu lililokuwa la tumbaku, lenye urefu wa mita 14. Tukapima mita 10 kamili kwa futi ya chuma, tukaweka masanduku ya kunasia risasi, shabaha tukazitundika katikati yake ikiwa mita 1.40 kutoka sakafuni kama kanuni zinavyotaka, na juu yake balbu mbili. Kila mwenye silaha ana kibali chake, na kila bastola inarudi kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Tumbaku iliondoka siku nyingi lakini harufu yake haijatoka ukutani, na mimi sasa nikiisikia harufu hiyo popote, bega la kulia linajiweka lenyewe.

Kuhusu bastola sitakaa sana, ila lazima nieleze jambo moja. Watu huniuliza kwa nini sikutafuta Steyr au Morini iliyotumika, kama wanazozishika mabingwa. Ni bastola nzuri mno. Lakini zinakula hewa iliyobanwa kwenye mtungi mdogo hadi kiasi cha baa 200, na mtungi huo ukiisha unahitaji mtungi mkubwa wa wapiga mbizi au pampu maalumu ya kuujaza. Hapa tulipo bahari iko mbali. Baikal haihitaji mtungi. Chini ya mtutu kuna wenzo mrefu. Unauvuta na kuurudisha mara moja, hewa inajibana humo ndani, unaweka risasi ya milimita 4.5, unafyatua. Ukitaka risasi ya pili unavuta tena. Mtutu wake sina la kuulalamikia: nilipoufunga kwenye jiriwa nikapiga risasi tano, zote ziliingia tundu moja ambalo sarafu ya shilingi 50 ingelifunika lote na kubaki.

Kwa hiyo bastola ilikuwa inajua pa kupiga. Aliyekuwa hajui ni mkono.

Wenzo ule una gharama yake. Kila baada ya risasi unalazimika kulegeza mkono, kuvuta, kupakia, halafu kushika upya. Mashindano ya mita 10 ni risasi 60. Wanawake tulikuwa tunapiga 40, tangu 2018 tumesawazishwa na wanaume. Ina maana katika shindano moja nashika mpini upya mara 60, na kabla ya hapo kuna risasi za kujaribia. Mwenye bastola ya mtungi anaweza kuushika mpini na kutulia nao. Mwenye Baikal anaagana nao na kuurudia kila dakika. Kama mpini haukupeleki mahali pale pale kila unaporudi, basi unapiga kwa mikono sitini tofauti.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila anayeanza aifanye mwenyewe kwenye karatasi. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele kwenye bastola yangu ni sentimita 36. Mkono mzima ukisogea milimita moja kushoto bila kupinda, risasi nayo inasogea milimita moja tu, na bado iko ndani ya kumi, alama ya juu kabisa ya risasi moja, kwa kuwa duara la kumi lina upana wa milimita 11.5. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita moja ndani ya mfuo wa kile cha nyuma, kosa hilo linakua kadiri risasi inavyosafiri. Gawanya mita 10 kwa sentimita 36, unapata karibu 28. Risasi itatua milimita 28 kutoka katikati, na hiyo ni saba. Milimita ile ile moja! Ya mkono inasamehewa, ya kifundo haisamehewi. Ndiyo sababu tunafundishwa jicho likae kwenye kilengeo cha mbele, shabaha iachwe iwe weusi wenye ukungu, na kati ya weusi huo na ncha ya kilengeo ubaki ukanda mwembamba wa weupe. Anayeitazama shabaha anaona kutikisika kwake na kuogopa. Anayekitazama kilengeo anaona kile anachoweza kukirekebisha.

Na kazi ya mpini ni hiyo: kuvipanga vilengeo kabla jicho halijafika.

Mpini wa kiwandani ulikuwa na unene wa kunizidi. Kifyatulio nilikuwa nimekirudisha nyuma hadi mwisho wa njia yake, na bado kidole kilikifikia kwa ncha, karibu na ukucha. Ili nikifikie vizuri nilikuwa nakizungusha kiganja kuelekea kulia, na nikishanyoosha mkono kilengeo cha mbele kinasimama kulia mwa mfuo. Basi nakunja kifundo kidogo kushoto kukirudisha. Kifundo kilichokunjwa kinachoka. Kuanzia risasi ya ishirini hivi kilikuwa kinajifungua taratibu, risasi zinakwenda kulia. Nikishtuka na kuminya kwa ncha ya kidole, naisukuma bastola kushoto. Shabaha zangu za wakati ule ninazo bado. Zimetandazika kwa upana kama mkeka, juu na chini hazina tatizo kubwa. Ukiona shabaha ya namna hiyo kwa mtu mwenye mkono mdogo, usimwambie apumue vizuri. Mtazame anavyoushika mpini.

Nilijaribu njia za mkato. Nilipiga tupa mpini wa kiwandani hadi nikafika karibu na chuma. Nikajazia na mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi ya mirija miwili, nikauparua tena. Kila wiki nilikuwa na mpini mpya na kosa jipya. Kuagiza Ulaya nilikufikiria: wapo wanaochonga mipini ya namna hii, unawatumia mchoro wa kiganja chako nao wanakutumia mpini. Lakini mchoro wa kiganja kilicholala juu ya karatasi ya mezani si kiganja kilichonyooshwa kwenye usawa wa bega, na hilo sikulijua mimi. Aliniambia mzee wa Ng'ambo.

Nilimkuta asubuhi, kivulini chini ya mwembe, anapiga randa ubao wa kitanda.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mayu. Karibu."

Hiyo ni salamu ya asubuhi ya huku kwetu, na mayu ni mama. Nikamwambia nataka mpini. Akauliza wa jembe au wa shoka. Nikamweleza kuwa ni wa bastola ya upepo ya mashindano, ile ya kutoboa karatasi, na kwamba bastola yenyewe sitaileta hapa. Aliweka randa chini. Nilitegemea ataanza na maswali ya silaha, badala yake akasema, "Nipe mkono." Akaugeuza, akabonyeza nyama ya chini ya kidole gumba, akauvuta kila kidole kama anayepima kamba.

"Mpini wa shoka ukikutoa malengelenge," akasema, "ngozi haina kosa. Mpini haujakaa."

Kisha akamtuma mjukuu wake kuleta donge la udongo wa mfinyanzi. Nililiminya pale nilipokuwa nimeketi, akalikataa. Akaniambia nisimame vile ninavyosimama ninapolenga, ninyooshe mkono hadi usawa wa bega, nifumbe macho, nishike kwa nguvu ile ile, nihesabu hadi kumi, niachie. Tulifanya mara tatu, madonge matatu. Akayaweka ubaoni, akayatazama kwa muda mrefu, akanionyesha kwamba mkono ukinyooshwa mshipa wa chini ya gumba unainuka na kiganja kinafunga upande mmoja. Lile donge la kwanza, nililolifinya kabla hajanisimamisha, lilikuwa na umbo tofauti kabisa. Miaka 22 ya kushika silaha, na jambo hilo hakuna aliyepata kunionyesha. Yeye amelijua kwa sababu mtu anayepasua kuni hapimiwi mpini akiwa amekaa.

Silaha haikuvuka kizingiti cha karakana, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo hivyo. Niliufungua mpini wa zamani nikaupeleka peke yake. Pamoja nao nilipeleka kipande cha chuma nilichomwagiza fundi wa kuchomelea, chenye umbo la ile sehemu ya bastola inayoingia ndani ya mpini, na waya uliokunjwa kuonyesha mahali kifyatulio kinapokaa. Kujaribisha kwenye bastola yenyewe nilifanya nyumbani, mlango umefungwa, naandika kasoro kwenye daftari, kesho narudi nayo.

Mbao. Mimi nilitaka mpingo. Nimeuona kwenye vinyago, ulivyo mweusi na laini, nikaona utafaa. Mzee alikataa pale pale: mpingo huzama majini, utauchosha mkono. Alikuwa na haki, na kanuni ziko upande wake. Bastola ya mita 10 haitakiwi kuzidi gramu 1,500 na kila kilichomo, na hii yangu peke yake inakaribia kilo 1.3. Mninga ni mwepesi, unakubali patasi, na zaidi ya yote hautembei sana mvua ikija. Alichonitolea ni mguu wa kitanda cha zamani, kitanda ambacho wenyewe walishauza godoro na fremu ikavunjwa. Mninga mbichi ukiukata unatoa maji mekundu kama damu. Akaupiga ule mguu kwa kifundo cha kidole, ukalia mlio mkavu. "Huu umeshamaliza kulia," akasema. Nimeupima mpini kwa kaliba mwezi wa kiangazi na tena katikati ya masika, pale pale kwenye uvungu wa kifyatulio, na sikuona tofauti ambayo kipimo changu kinaweza kuisoma.

Nikampa na karatasi ya kanuni. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, halina mchezo kwenye mipini. Bastola nzima lazima iingie kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Mpini usishike popote zaidi ya kiganja. Kifundo kibaki huru na kionekane. Ile rafu ya chini, inapoegemea pembeni mwa kiganja, isikunje kuja juu kuubana mkono. Iwe pembe mraba au zaidi. Mjukuu aliipigilia ile karatasi ukutani kwa msumari, na bado ipo. Na bila mimi kusema, mzee akatengeneza sanduku lenyewe kwa vipande vya plaiwudi, kwa vipimo vile vile. Hakunitoza kwa sanduku hilo. Ndilo tunalolitumia sote sita sasa.

Sanduku ndilo lililoukataa mpini wa kwanza. Kitanda cha kidole gumba alikuwa amekichonga kikubwa, kizuri, gumba linalala kama mtoto mgongoni, lakini upana ukawa milimita 54. Milimita nne za starehe, na mkaguzi wa mashindano angenirudisha mlangoni. Alikiparua. Safari ya pili kasoro ilikuwa kwenye kidole cha shahada. Mbao ilikuwa imebaki upande wa kulia, kidole kinaigusa kinapovuta, na kidole kinachoigusa mbao kinaisukuma bastola pembeni hata kama kifyatulio umekivuta sawasawa. Tukakubaliana kipimo: kipande cha karatasi kipite bila kukwama kati ya kidole na mpini, kuanzia shina la kidole hadi kiungo cha kwanza. Akachimba mfereji kwa patasi nyembamba. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nyama ya ncha ya kidole, mahali pale pale ambapo kwenye kidole gumba tunapigia alama ya fomu, ilipokaa katikati ya kifyatulio na kuvuta nyuma moja kwa moja.

Baada ya hapo nilikipima kifyatulio upya. Kinatakiwa kubeba gramu 500 bila kufyatuka, na inapimwa bastola ikiwa imejazwa hewa, mtutu umesimama wima kutazama juu. Niliazima jiwe la nusu kilo la mizani dukani kwa jirani, nikalifunga kwa uzi. Likainuka. Nililegeza kidogo kabla ya hapo kwa sababu kidole kilikuwa dhaifu mahali kilipokuwa kinashika; sasa nimekirudisha uzito wake na sihisi tofauti.

Sasa lawama, maana zipo.

Aliniambia wiki mbili. Ilikuwa wiki saba. Ulikuwa msimu wa harusi, na mtu aliyeagiza kitanda cha bibi harusi hangojeshwi kwa ajili ya mpini wa bastola, hilo nalielewa. Nisichokielewa ni kukaa kimya. Simu haipokelewi mchana kutwa, ukifika unaambiwa kesho, na kesho ina kesho yake. Ningeambiwa mapema kwamba ni mwezi na nusu ningejipanga. Nilikosa mazoezi ya mwezi mzima, kwa kuwa mpini wa zamani ulikuwa kwake kama mfano. Makosa hayo nusu yake ni yangu: ningetoa nakala ya mfano kwa udongo na kubaki na mpini.

Lawama ya pili ni nta. Nilipoufuata mpini siku ya mwisho ulikuwa unang'aa. Alikuwa ameusugua kwa msasa namba 80, 120, 240 na 400, kisha akaupaka nta ya nyuki, nta ya kwetu hii, mpaka mishipa ya mninga ikaonekana kama asali. Watu wa karakana walikusanyika kuutazama. Mimi mwenyewe niliona fahari. Jumamosi nikaenda nao ghalani, joto limepanda, kiganja kimelowa jasho, na kufikia risasi ya kumi na tano mpini ulikuwa unateleza ndani ya mkono kama sabuni. Kwenye kitanda cha kulalia, nta ni pambo. Kwenye mpini wa kulengea, pale kiganja kinapogusa, haitakiwi kabisa.

Nilipomrudia alisikitika zaidi yangu. Aliifuta kwa spiriti, akachukua msumari alioukata ncha na kuunoa, akaupiga nyundo ndogo kwenye mpini, tundu moja baada ya jingine, vitundu vidogo vilivyokaribiana kama ngozi ya kenge. Alianza saa tatu asubuhi, alipomaliza watu walikuwa wanarudi kutoka swala ya alasiri. Nta imebaki kwenye kitanda cha gumba na sehemu za nje tu. Tangu siku hiyo mpini haujateleza hata siku ya jua kali. Ukienda kwake, sema mapema: vitundu kwanza, nta nje tu.

Tahadhari nyingine ndogo. Vumbi la mninga linawasha pua na kwa wenye pumu ni hatari. Karakana iko wazi lakini bado linaruka, na mjukuu anafanya kazi bila kufunika pua. Nilimpelekea barakoa boksi moja. Natamani azitumie.

Matokeo? Jaribio ninalolipenda ni hili, na halihitaji risasi. Simama, miguu imekaa, mkono wa kushoto mfukoni ili usiyumbe. Fumba macho. Inua bastola hadi inapokaa yenyewe, pumua, tulia, fumbua. Kama vilengeo havijapangana, mpini una kosa. Kama vimepangana lakini vinatazama pembeni mwa shabaha, mpini hauna kosa. Sogeza mguu wa nyuma kidogo, mwili mzima uzunguke, usizungushe mkono. Kwa mpini wa zamani nilikuwa nafumbua macho na kukikuta kilengeo cha mbele kimebanwa ukingo wa kulia. Kwa huu wa mninga, mara nane au tisa kati ya kumi kipo katikati, na weupe sawa pande zote mbili. Siku ya kwanza nilirudia jaribio hilo sebuleni hadi bega likauma, kwa sababu sikuamini.

Kufyatua pasipo risasi nako kumebadilika. Baikal ina uzuri huu: ukifungua kifuniko cha nyuma bila kuvuta wenzo, kifyatulio kinajiweka tayari, unaweza kufanya mazoezi bila hewa na bila risasi. Nafanya mara 40 kila jioni, natazama ukuta mweupe. Ukuta hauna shabaha ya kukutisha, unaona tu kilengeo kinafanya nini kifyatulio kinapoachia. Zamani kiliruka kushoto. Sasa kinabaki.

Alama zangu, kwa risasi 60, zilikuwa zinacheza kati ya 518 na 529 kwa miaka miwili. Miezi mitatu ya kwanza na mpini mpya hazikupanda, na nalisema hili wazi ili mtu asikate tamaa: kifundo kilikuwa kimezoea kukunja, kikaendelea kukunja hata pasipo sababu. Mwezi wa nne nikapiga 538. Mwezi uliopita 547, na shabaha zangu zimekuwa duara; mkeka umekunjwa. Mpini haujaniongezea uwezo nisiokuwa nao. Umeniondolea kazi niliyokuwa naifanya bure mara 60 kila Jumamosi.

Wengi mlinitumia picha ya yule Mturuki, Yusuf Dikeç, wa Olimpiki ya Paris 2024. Miwani ya kawaida, mkono mfukoni, fulana, akapata medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Ujumbe ulikuwa ule ule: mama, mbona yeye hakuwa na vifaa? Itazameni tena picha. Acheni miwani, tazameni kiganja chake cha kulia. Bastola ile ina mpini wa kuukumbatia mkono, rafu ya chini imeegemea kiganja, gumba limelala kwenye kitanda chake. Miwani yenye vioo vya kuziba jicho ni msaada mzuri kwa anayeihitaji, na wapo mabingwa wasioweza kulenga bila hiyo. Lakini hakuna aliyesimama kwenye fainali ile akiwa na mpini usiomtosha.

Bei niliyolipa ni shilingi 95,000, pamoja na marekebisho yote, nusu kabla na nusu baada. Risiti haitoi, anaandika kwenye daftari lenye jalada jekundu na wewe unaweka saini. Kwa kazi ile sioni kama ni ghali, na sikumwomba apunguze. Mbao ilikuwa yake. Kama una kipande chako cha mninga mkavu atakipokea, ila atakigonga kwanza kwa kidole, na akisema bado, bado, usibishane naye.

Ukifika Ng'ambo uliza fundi mzee wa mipini, utaonyeshwa. Anafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa mchana anafunga kwa ajili ya swala. Nenda umekata kucha, maana kucha ndefu zinaharibu alama za udongo. Nenda asubuhi, kabla mkono haujavimba kwa joto na kazi, au basi nenda saa ile ile unayopenda kulengea. Mimi nalenga asubuhi. Peleka kipande cha chuma badala ya silaha. Peleka karatasi yako ya kanuni kama unapiga mita 25 au bunduki, kwa kuwa iliyopo ukutani ni ya bastola ya mita 10 peke yake.

Madonge yangu matatu ya udongo bado ameyaweka juu ya rafu, yamekauka, kila moja limeandikwa kwa chaki "mayu wa shabaha". Pembeni yake tangu wiki iliyopita kuna mengine matatu, ya mwenzetu mmoja mwalimu wa sekondari anayelenga kwa mkono wa kushoto na ambaye hajawahi kushika mpini wa upande wake. Mzee amemwambia wiki tatu. Nimemwambia ahesabu nane, na abaki na mpini wake wa zamani.